Wamaksi wa Kusini: tuingie katika chama kikubwa au tujenge chetu?

Chikongola Juu (mleta mada)

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo limetugawa kila tunapokutana. Tupo wachache tunaosoma Marx na kuamini kwamba historia inasukumwa na mapambano ya matabaka. Je, mahali petu ni ndani ya chama kikubwa chenye wafanyakazi wengi, hata kama viongozi wake hawatutaki, au ni katika chama chetu wenyewe, kidogo lakini chenye msimamo usioyumba?

Mimi ni wa kuingia. Marx na Engels waliandika katika Manifesto ya mwaka 1848 kwamba wakomunisti hawaundi chama cha kujitenga kinachopingana na vyama vingine vya wafanyakazi. Lenin naye, mwaka 1920, aliwashauri wakomunisti wa Uingereza waombe kuingia katika chama cha Labour, ingawa hakuwaamini hata kidogo viongozi wa chama hicho, kwa sababu wafanyakazi wenyewe walikuwa humo. Watu kumi wanaokubaliana katika kila nukta ni darasa la jioni. Chama ni pale unapokutana na mtu asiyekubaliana nawe na bado mnagoma pamoja.

Wanaovidharau vyama hivyo vikubwa wakumbuke pia vilichofanya. Labour, kilichoanzishwa na Wamaksi wakishirikiana na vyama vya wafanyakazi mwaka 1900, ndicho kilichowapa Waingereza matibabu ya bure mwaka 1948, na hata bandari yetu hii ya Mtwara tulijengewa na serikali ya chama hicho hicho. Karibuni tuchangie.

Mzee wa Gatini

Mleta mada, ya Lenin nimeyapita bila ugomvi, lakini hili la kujengewa bandari siwezi kulimeza. Marehemu baba yangu alibeba mataruma ya reli ya karanga kutoka Mkwaya kwenda Nachingwea, na bega lake la kulia lilikuwa na sugu mpaka siku tuliyomzika. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walipungukiwa mafuta ya kula, ndipo serikali ya Labour ikaja na mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu za Tanganyika, kule Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea, ili zilimwe karanga. Walileta hadi vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, pauni zaidi ya milioni 35 zikiwa zimeteketea na karanga za maana hazijaonekana. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na bandari ikabaki ikingoja shehena mpaka korosho zilipoipa kazi.

Bandari hiyo haikujengwa kwa ajili yetu. Ilijengwa ili mfanyakazi wa Manchester apate majarini ya kupaka mkate wake, na waliobeba mawe ni Wamwera, Wamakua na Wamakonde. Kwa hiyo ukiniambia chama cha wafanyakazi, nami nitakuuliza ni wafanyakazi wa wapi. Baba yangu alikuwa kibarua wa serikali ya wafanyakazi, lakini hakuwa na kura ya kuiweka wala ya kuiondoa.

Chikongola Juu

Shikamoo mzee wangu. Sijadharau jasho la marehemu, Mungu amrehemu. Nilichosema ni kwamba uamuzi na fedha vilitoka kwa serikali ile, na hilo halikanushiki. Dhambi ya kikoloni ya Labour kwangu ni sababu nyingine ya Wamaksi kuwamo ndani yake, kwa maana waliokuwa nje hawakuweza kuizuia.

Mwalimu wa Zamani, Masasi

Na waliokuwa ndani, je, waliizuia? Naomba turekebishe mambo mawili kabla hayajazoeleka hapa ukumbini.

Kwanza, Labour hakikuanzishwa na Wamaksi. Mwaka 1900 vyama vya wafanyakazi, pamoja na msoshalisti Keir Hardie na wenzake, viliunda kamati ya kupeleka wawakilishi wao bungeni. Kundi la Kimaksi la wakati huo, SDF, lilikuwamo, lakini lilijitoa mwaka 1901 kwa sababu wenzao walikataa kuyatangaza mapambano ya matabaka kuwa msingi wa kamati. Mwaka 1906 kamati hiyo ikaingiza wabunge 29 na kuchukua jina la Labour, huku SDF ikibaki kundi dogo la kuhubiri pembeni. Hapo, Chikongola, historia iko upande wako, kwani kujitoa mapema kuliwagharimu.

Pili, waziri aliyeusimamia mpango wa karanga alikuwa John Strachey, Waziri wa Chakula. Katika miaka ya 1930 huyu alikuwa miongoni mwa waandishi wa Kimaksi waliosomwa sana Uingereza. Basi huyo ndiye Mmaksi aliyeingia, akafika hadi kwenye uwaziri, na akasimama bungeni kuutetea mpango ule hata baada ya dalili za kushindwa kuonekana waziwazi. Kati yake na chama, nani alimbadilisha mwenzake?

Kijana wa Mitwero

Swali la Mwalimu lilishajibiwa Ujerumani. Chama cha kisoshalisti cha huko, SPD, kilipatikana Gotha mwaka 1875 kwa kuunganisha wafuasi wa Lassalle na kundi la Bebel na Liebknecht, na Marx mwenyewe aliukosoa vikali mpango wa muungano huo. Kikabanwa na sheria kandamizi tangu 1878 hadi 1890, kikatoka na nguvu kuliko kilivyoingia. Mwaka 1912 kilipata theluthi moja ya kura na viti 110. Kilikuwa na magazeti, shule na vilabu vya michezo, na Umaksi ulikuwa itikadi yake rasmi. Kisha, tarehe 4 Agosti 1914, wabunge wake wakapiga kura ya kuipa serikali fedha za vita. Mmaksi Rosa Luxemburg alikaa ndani ya chama hicho miaka mingi akionya, na chama cha kikomunisti kilipoundwa mwishoni mwa 1918, alikuwa amebakiwa na kama wiki mbili tu za kuishi. Chama kikubwa kilimtumia kama msemaji hodari, na siku ya uamuzi hakuwa na chombo chake mwenyewe.

Halafu mjadala huu wa kuingia na kutoka ni wa watu wenye wafanyakazi. Sisi Kusini tuna bandari, tuna saruji, tuna gesi, tuna walimu na wauguzi, na baada ya hao ni wakulima wa korosho tupu. Mkulima wa korosho si mfanyakazi. Ana shamba, ana mikorosho, ana bei anayoipigania mnadani. Ni mwenye mali, awe mdogo namna gani, na chama kitakachomtegemea kitakuwa chama cha kupandisha bei.

Mnewala

Kijana, habari za Ujerumani nakuachia wewe na Mwalimu. Umeniita mwenye mali, na nataka unisikilize mpaka mwisho.

Nina ekari nne za mikorosho iliyopandwa na babu yangu. Salfa, dawa ya mikorosho, naipata kwa mkopo, na ikichelewa, ugonjwa wa ubwiriunga hauningojei. Mwezi wa saba, watoto wanapotakiwa sare na michango, mtu wa kangomba anabisha hodi na fedha taslimu, ananunua korosho ambazo bado ni maua, kwa bei anayoitaka yeye. Oktoba nikipeleka kilichobaki AMCOS, chama chetu cha ushirika, kinapimwa, kinasafirishwa ghalani, kinapigwa mnada, na karatasi ninayorudishiwa imejaa makato ambayo sikumbuki kuyaridhia: ushuru wa halmashauri, ushuru wa chama, ghala, usafiri, magunia. Mwaka 2018 wanunuzi walipoleta bei ya kutudharau tulikataa kuuza. Serikali ikatangaza kwamba itanunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kusomba, na wengi wetu tukakaa miezi tukiulizia fedha zetu.

Mfanyakazi wa kwenye vitabu vyenu anauza nguvu zake na kulipwa mwisho wa mwezi. Mimi zangu nimeziuza korosho zikiwa maua. Bei yangu inapangwa na mtu ambaye sijawahi kumwona, na akishaipanga sina pa kwenda. Hiyo ndiyo mali unayonionea wivu?

Kijana wa Mitwero

Baba, nakuheshimu, na sikatai kwamba unanyonywa. Lakini kunyonywa na kuwa mfanyakazi si kitu kimoja. Wakati wa palizi nani anaingia katika ekari zako nne? Ni vijana, wengine wanatoka ng'ambo ya Ruvuma, kama walivyokuwa wakivuka babu zao kuja kukata mkonge wa Lindi na Tanga. Unapatana nao kwa eneo, na unapatana kwa bei ya chini kadiri uwezavyo. Siku hiyo wewe ni mwajiri. Tukikuweka wewe na kibarua wako katika chama kimoja, na wewe ndiye mwenye muda wa kuhudhuria vikao, maslahi ya nani yataandikwa kwenye muhtasari?

Mnewala

Mwaka wenye neema naajiri vibarua. Mwaka wa taabu ninapalilia kwa jirani, na mke wangu pia. Nieleze basi mwezi wa tano niko tabaka gani na mwezi wa sita nimehamia lipi. Hao vijana wa ng'ambo ni wajomba zetu, tunazikana nao, usiwageuze ushahidi wa kunishtaki.

Msimamizi

Ndugu wachangiaji, tuendelee kupingana kwa hoja. Michango miwili iliyowagusa wazazi wa watu nimeiondoa.

Mwalimu wa Zamani, Masasi

Mnewala, unaye mtetezi ambaye Kijana hakumtarajia. Mwaka 1881 Vera Zasulich wa Urusi alimwandikia Marx kumuuliza kama wakulima wa nchi yake ni lazima wapitie kunyang'anywa ardhi kama ilivyotokea Uingereza. Marx alimjibu kwamba uchambuzi wake ulihusu nchi za Ulaya Magharibi, na kwamba jumuiya ya wakulima wa Kirusi ingeweza kuwa nguzo ya kuijenga upya jamii, iwapo ingeondolewa yale yaliyokuwa yakiikaba. Kwa hiyo mlango huu usifungwe kwa jina la Marx.

Ninachotaka kukisema hasa ni cha nyumbani, na nashangaa kwamba tumefika Berlin kabla ya kupita Dar es Salaam. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, liliundwa mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya TANU, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake. Wafanyakazi na TANU walipigania uhuru pamoja, kila upande ukiwa na viongozi wake. Baada ya uhuru ndipo mvutano ulipoanza, kwa sababu vyama vya reli na vya mashamba ya mkonge vilitaka kubaki huru. Mwaka 1962 sheria ilibana haki ya kugoma. Mwanzoni mwa 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba, aliamriwa na serikali kwenda kuishi Sumbawanga. Januari 1964, baada ya maasi ya jeshi, viongozi wengi wa wafanyakazi walikamatwa, TFL ikavunjwa, na mahali pake ikawekwa NUTA, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Michael Kamaliza akawa katibu mkuu wa NUTA na papo hapo Waziri wa Kazi, kwa hiyo mfanyakazi mwenye shauri dhidi ya serikali alilipeleka kwa waziri wa serikali ile ile.

Sasa watazameni Wamaksi wetu. Abdulrahman Babu na chama chake cha Umma, kilichoundwa Zanzibar mwaka 1963, waliingia ASP, chama kilichotawala Zanzibar, baada ya Mapinduzi. Babu akawa waziri, na mwaka 1972 akatupwa gerezani kwa miaka sita. Kingunge Ngombale-Mwiru wa Kilwa alikuwa mwanaitikadi wa TANU na baadaye wa CCM. Wanafunzi wa USARF pale Chuo Kikuu walianza mwaka 1967 wakafutwa mwaka 1970. Hawa wote walikuwa na vyeo, madarasa au majarida, lakini hawakuwa na chama hata kimoja cha wafanyakazi ambacho kingeweza kusimama bila ruhusa kutoka juu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipokataza viongozi kuwa na ubabe na dharau, wafanyakazi waliuchukua kwa dhati, wakawafungia mameneja nje, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakitwaa kiwanda na kukiendesha. Wimbi lile lilizimwa, na Wamaksi waliokuwa ndani ya chama hawakuwa na kitu cha kulishikilia.

Kwa hiyo kabla hatujauliza Mmaksi aingie chama gani, tuulize kama wafanyakazi wana chombo chao wenyewe. Kikiwapo, anaweza kuingia popote na akawa na pa kuegemea. Kisipokuwapo, ataingia kama mgeni na kutoka kama mgeni.

Chikongola Juu

Mwalimu, sikutegemea kwamba ni wewe utakayemweka Mzee Kingunge katika orodha ya wenye vyeo. Huyu ni mtoto wa Kilwa, mtu wa Kusini kama sisi, aliyetumia maisha yake ndani ya chama kikubwa tangu enzi za TANU hadi alipojitoa mwaka 2015, na wapo watu wazima hapa Lindi waliojifunza kwake kufikiri kwa mpangilio. Tunawezaje kumpima mtu wa namna ile kwa kiti alichokalia? Vijana wanatusoma hapa, na wataondoka wakiamini kwamba waliotutangulia walikuwa mapambo.

Mwalimu wa Zamani, Masasi

Sikumvunjia heshima marehemu, na kama andiko langu limesomeka hivyo, lisomwe tena polepole. Nimeuliza ni nini kilichokuwa kimesimama chini yake siku alipoondoka.

Chikongola Juu

Tulikuwa tumesimama sisi.

Mzee wa Gatini

Mnavutana juu ya marehemu na ya walio hai yanatupita. Mwalimu, hoja yako ni nzito, ila haimalizi shauri. Zambia walikuwa na shirikisho huru la wafanyakazi, ZCTU, na kiongozi wake Frederick Chiluba akaingia Ikulu mwaka 1991 kwa tiketi ya chama cha MMD. Ni serikali yake iliyoibinafsisha migodi ya shaba. Zimbabwe vyama vya wafanyakazi vikazaa chama cha siasa, MDC, mwaka 1999. Mmaksi mmoja, Munyaradzi Gwisai, akachaguliwa mbunge wa Highfield kwa chama hicho mwaka 2000, na mwaka 2002 akafukuzwa. Chombo huru kilikuwapo kote kuwili. Kilipopanda ngazi ya siasa, kilimwacha kuli gatini. Nimefanya kazi ya genge la kupakia magunia miaka mingi, na ninajua namna mnyapara aliyetoka kwetu anavyoweza kutusahau kabla ya msimu kwisha.

Chikongola Juu

Basi mzee, watazame na walioamua kujenga chao. Afrika Kusini, NUMSA, chama kikubwa cha wafanyakazi wa vyuma, kilifukuzwa katika shirikisho la wafanyakazi, COSATU, mwaka 2014 kwa kukataa kukiunga mkono ANC, chama tawala cha wakati huo. Kikaenda kuanzisha chama cha siasa cha kimapinduzi, na katika uchaguzi wa mwaka 2019 chama hicho hakikufikisha kura 25,000 wala hakikupata kiti, ilhali NUMSA yenyewe ina wanachama mamia ya maelfu. Mfanyakazi alilipa ada, akagoma na wenzake, kisha akaingia kwenye chumba cha kura akawapa wengine. Kijana wa Mitwero anatujibu nini hapo?

Kijana wa Mitwero

Najibu kwamba chama kilichoanzishwa miezi michache kabla ya uchaguzi hakipimwi kwa uchaguzi huo.

Wakili Ligula

Niongeze la kisheria tu. Sheria ya vyama vya siasa ya mwaka 1992 haitoi usajili wa kudumu kwa chama kisicho na wanachama 200 wenye sifa ya kupiga kura katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua kumi, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar. Inakataza chama cha dini, cha kabila au cha eneo. Chama cha wafanyakazi haikikatazi. Mgombea binafsi haruhusiwi. Kwa hiyo chama cha Wamaksi wa Mtwara na Lindi peke yao hakisajiliki, na anayekitaka aanze kutafuta watu Kigoma na Pemba.

Mama Mbanguaji, Mikindani

Nimesoma tangu juu mpaka hapa. Mmewahesabu wafanyakazi wa Ujerumani, wa Zambia na wa reli, mmebishana kama mkulima ni mfanyakazi au si mfanyakazi, na hakuna aliyetutaja sisi tunaobangua korosho mlango wa pili kutoka kwenu.

Korosho ikishapigwa mvuke inaletwa kwenye meza. Mkono wa kushoto unaiweka katikati ya visu viwili, mguu unakanyaga, ganda linapasuka, na mwenzako anakichokoa kiini kwa ncha ya kisu kabla hujaweka nyingine. Ganda lina mafuta yanayounguza. Tunapaka mafuta ya kula au majivu kabla ya kushika, na bado vidole vinachubuka na kuwa vyeusi, mpaka mtoto mchanga anakataa ukimshika usoni. Tunalipwa kwa kilo ya kiini kizima. Kikivunjika, bei inashuka, na hakuna anayeuliza kama kilivunjwa na mkono wako au na kisu kibutu. Wengi wetu hatuna mkataba. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi tulimchagua mwenzetu awe msemaji wetu juu ya mizani, na msimu uliofuata jina lake halikuwamo kwenye orodha. Vyama vya siasa vyote vilipita mtaani mwaka huo kuomba kura, na hakuna kilichouliza habari zake.

Mwalimu alisema jambo la maana, nanyi mkalikimbia mkaenda kugombania heshima ya mtu ambaye hakuna aliyemtukana. Chama chochote kikija kwetu, kiwe kikubwa cha Chikongola au kidogo cha Kijana, nitakiuliza kama tunaweza kuweka visu chini siku moja bila kukiomba ruhusa. Kikijibu kwamba tuwasiliane kwanza na uongozi wa mkoa, nitajua ni NUTA imerudi.

Na jingine. Serikali ilijenga viwanda vya kubangua huku kwetu katika miaka ya 1970 na 1980, vingine kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Vingi vikafungwa, vikauzwa, na baadhi vikawa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazokwenda India na Vietnam. Kila meli inayoondoka na korosho ghafi inaondoka na ujira wa wanawake wa hapa. Chama cha wafanyakazi kikitaka niamini, kitangaze kwamba korosho ghafi hazitoki mpaka viwanda vya hapa vimetosheka.

Mnewala

Mama, mpaka kwenye NUTA nilikuwa nawe kwa moyo wote. Hapo mwisho umenigeukia. Ukizuia korosho ghafi, wanunuzi wa nje hawaji mnadani. Mwenye kiwanda atabaki peke yake, na mnunuzi akiwa peke yake bei anaipanga yeye. Wewe utapata kazi kwa hasara yangu.

Kijana wa Mitwero

Ndicho nilichokisema tangu mwanzo. Mbanguaji anataka malighafi ibaki, mkulima anataka mnunuzi wa mbali. Ni maslahi mawili, na hakuna hotuba ya umoja itakayoyafanya kuwa moja.

Mama Mbanguaji, Mikindani

Usifurahie haraka, mwanangu. Kuna ushuru unaotozwa kwa korosho ghafi zinazouzwa nje. Kwa miaka kadhaa asilimia 65 ya fedha hizo zilirudi katika mfuko wa korosho, kwa ajili ya pembejeo, utafiti na kuendeleza ubanguaji. Mwaka 2018 Bunge likabadilisha sheria, zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Siku hiyo Mnewala alipoteza salfa yake na mimi nilipoteza mashine ambayo huenda ingenunuliwa. Tulipoteza pamoja, kwa kura moja. Wabunge wa Kusini walipiga kelele kule Dodoma, lakini AMCOS za Newala na Tandahimba hazikuja kutuuliza wabanguaji tuna la kusema, wala sisi hatukwenda kwao. Hayo ni maslahi mawili au ni moja?

Chikongola Juu

Naomba nikumbushe kwamba mada ilikuwa ni Wamaksi na chama cha wafanyakazi.

Mama Mbanguaji, Mikindani

Na sisi tunazungumzia nini?

Mnewala

Mama, la ushuru nakuunga mkono, na nakiri kwamba katika mkutano mkuu wa AMCOS yetu sijawahi kumwona mbanguaji hata mmoja, kwa kuwa kanuni zinamtaka mwanachama awe mkulima. Hilo tunaweza kulipeleka kwenye kikao, angalau mje kama wasikilizaji wenye haki ya kusema. La kuzuia korosho ghafi bado nalikataa, mpaka mtu anionyeshe kwa tarakimu ni nani atakayelipa tofauti ya bei Oktoba, kama ni mwenye kiwanda au ni serikali. Mwalimu na Kijana, ninyi mnaojua kuandika, tuandikieni hesabu hiyo kwa kilo moja, kutoka mkoroshoni mpaka kwenye kiini kilichobanguliwa, tuipitie sote kabla ya palizi.

Kijana wa Mitwero

Nitaiandika, baba, na Mwalimu akikubali tutakaa naye Masasi. Lakini nitaingiza humo na ujira wa kibarua anayepalilia, kwa mstari wake wa peke yake, hata kama utakuudhi.